Akili Tulivu Nayo ni Haki ya Mfanyakazi



Kila siku ya kazi, kabla hapajapambazuka vizuri, njia zinazoteremka kutoka kilima cha Mbuya hujaa watu. Wako wanaokwenda viwandani Nakawa na Ntinda, wako wanaopita Kinawataka kutafuta leja-leja, na wako ambao ndio kwanza wanarudi kutoka zamu ya usiku. Ukiwatazama nyuso zao utaona kwamba wengi wamekwisha kuchoka kabla kazi haijaanza. Mmoja anasoma kwenye simu ujumbe wa kudaiwa mkopo. Mwingine anapiga hesabu ya karo ya watoto. Wa tatu anatafuta matokeo ya mpira, kwa sababu jana aliweka pesa ya chakula katika kamari. Miguu inateremka kilima, lakini akili imetawanyika mahali kumi.

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo na kufukuzwa kazi bila sababu. Mambo hayo ni ya lazima, na tutaendelea kuyazungumza. Lakini leo yafaa tulitazame jambo ambalo haliandikwi katika karatasi ya mshahara, nalo ni uwezo wa mfanyakazi kuikusanya akili yake mahali pamoja, kuzama katika analolifanya, na kuona raha ndani yake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mazungumzo ya watu walioshiba. Sivyo. Utulivu wa akili ni mali ya mfanyakazi kama vile nguvu za mikono yake zilivyo mali yake. Mali hii inachukuliwa kila siku kidogo kidogo, na mwenyewe hana habari. Kuirudisha ni kazi ya kila mmoja wetu, na vile vile ni kazi ya chama kwenye meza ya majadiliano.

KUZAMA NI NINI?

Hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Watazame wazee wawili waliokaa kwenye mweso siku ya Jumapili. Ubao wa mweso una mashimo 32, manane manane katika mistari minne, na kete 64. Mchezaji anashika kete mkononi, anahesabu kwa macho zitakapoishia, anamwona mwenzake atajibu nini, ndipo anacheza. Mwite mara tatu, hasikii. Njaa amesahau, deni amesahau. Hakuna aliyemlipa hata senti moja, na bado akiinuka pale utaona uso wake umepumzika. Ndugu zetu wa Zanzibar na pwani wana bao lao, lenye mashimo 32 na kete 64 vile vile, na wao wanaijua raha hiyo hiyo.

Tazama tena wapigaji wa amadinda, chombo cha mbao 12 cha Buganda. Wapigaji wawili wanakaa wakielekeana, na kila mmoja anapiga katika nafasi anayoiacha mwenzake. Wa tatu anapiga zile mbao mbili za mwisho. Mpigaji mmoja peke yake hana wimbo. Wimbo unapatikana katikati yao, na kwa mwendo wa kasi sana. Mmoja wao akiruhusu akili yake iende kwenye shida za nyumbani, wote watatu wanapotea. Basi kuzama si lazima kuwe ni kujitenga na watu. Wafanyakazi wanaweza kuzama pamoja.

Mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Mihaly Csikszentmihalyi, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2021, aliichunguza hali hii kwa miaka mingi alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, na mwaka 1990 alitoa kitabu juu yake. Tukiyasema maneno yake kwa njia rahisi, mtu huzama katika kazi yakiwapo mambo matatu. La kwanza, anajua wazi anachotafuta. La pili, anaona papo hapo kama amefaulu au amekosea. La tatu, ugumu wa kazi unalingana na ujuzi wake. Kazi ikiwa rahisi mno, mtu anasinzia. Ikiwa ngumu mno, anaingiwa na hofu. Katikati ya usingizi na hofu ndipo raha ilipo.

KAZI YENYEWE SI ADUI

Mwaka 1989 mtaalamu huyo na mwenzake, Judith LeFevre, walitoa matokeo ya uchunguzi waliofanya kwa wafanyakazi wa makampuni ya Chicago, wakiwamo wa viwandani. Kila mfanyakazi alipewa kifaa kidogo kilicholia mara kadhaa kwa siku, kwa muda wa juma moja, bila yeye kujua kitalia lini. Kila kilipolia, aliandika alikuwa akifanya nini na anajisikiaje. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Nyakati za kazi kubwa inayokutana na ujuzi mkubwa zilikuwa 54 katika kila 100 walipokuwa kazini, na 18 tu katika kila 100 walipokuwa katika mapumziko yao. Hata hivyo, wakiwa kazini walitamani zaidi kuwa mahali pengine.

Kwa nini mtu atamani kuondoka mahali ambapo akili yake inafanya kazi vizuri zaidi? Kwa maoni yangu, jibu tunalijua sisi kuliko maprofesa. Kazi inaweza kumfaa mtu, lakini muda ule si wake. Kengele si yake, kipimo si chake, na faida si yake. Anayetuchosha si nyundo wala cherehani. Tunachoshwa na mashaka ya kutojua kama kesho tutakuwapo, na uchungu wa kujua kwamba ustadi wetu hauhesabiwi.

Tusivuke bahari, twende hapa hapa karibu, ng'ambo ya bonde, upande wa Banda na Kireka. Katika miaka ya vita vya kaskazini watu wengi wa Acholi walikimbilia hapa na kukaa katika mtaa unaoitwa Acholi Quarters. Akina mama walivunja mawe kwa nyundo katika machimbo ya Kireka, jua likiwachoma, wakilipwa kwa wingi wa kokoto. Baadaye wengi waliingia kazi ya kutengeneza shanga za karatasi. Karatasi hukatwa vipande virefu vyenye ncha, ikaviringishwa kwa vidole, ikatiwa gundi, kisha shanga hupakwa vanishi na kuanikwa. Katika kazi hii fundi anachagua rangi, anaona palepale kama shanga imekaa sawa, na kila siku anaweza kuifanya nzuri kuliko jana. Mikono ni ile ile iliyoshika nyundo, lakini sasa akili nayo imepata nafasi.

Lakini tusidanganyane. Shanga nzuri isiyo na mnunuzi hailishi mtoto. Furaha ya kazi hailipi kodi ya nyumba. Ndiyo maana nasema furaha hii isimame pamoja na malipo ya haki, wala isiwekwe mahali pa malipo hayo.

SAA MBILI NA NUSU NI ZA NANI?

Katika kitabu chake cha 1990 mtaalamu yule anaeleza habari za wafanyakazi wawili. Yafaa tuwafahamu, kwa sababu wanafanana nasi.

Wa kwanza alikuwa fundi wa kuchomea vyuma katika kiwanda cha kuunganisha mabehewa ya reli. Aliacha shule baada ya darasa la nne. Kiwandani hapakuwa na mashine asiyoweza kuitengeneza, kwa maana kila ilipoharibika alijiuliza ina nini ndani yake. Mara nyingi alitakiwa awe msimamizi, akakataa. Jioni alirudi nyumbani na kutengeneza bustani ya mawe na maji, yenye mirija iliyorusha manyunyu mpaka upinde wa mvua ukaonekana.

Wa pili alifanya kazi kwenye ukanda unaotembea. Kila chombo kilichopita mbele yake kilipewa sekunde 43, na alirudia jambo lile lile karibu mara 600 kwa siku. Wengi wangeona ni adhabu. Yeye alijifanyia mashindano mwenyewe. Alipanga vifaa vyake, akapunguza kila mwendo wa mkono usio na kazi, na baada ya miaka mitano siku yake nzuri kabisa ilikuwa wastani wa sekunde 28. Mara nyingi hata hakuwaambia wenzake kwamba yuko mbele. Raha ya kujua ilimtosha.

Hapa ndipo chama cha wafanyakazi lazima kiulize swali ambalo mtaalamu hakutakiwa kuliuliza. Toa 28 katika 43, zinabaki sekunde 15. Zidisha mara 600, unapata sekunde 9,000, yaani saa mbili na nusu kila siku. Saa mbili na nusu hizo ni za nani?

Mfanyakazi ndiye aliyezipata kwa akili yake mwenyewe. Mwajiri akizigundua leo, na kesho akatangaza kwamba kipimo cha kila mtu sasa ni sekunde 28, basi ustadi wa mtu mmoja umegeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapa wenzake wote. Na yeye mwenyewe hatakuwa tena na mchezo wa kucheza, atakuwa na nyapara mgongoni.

Mchuma chai wa Kabarole au Bushenyi anaelewa maneno haya bila kufafanuliwa. Vidole vyake vinachagua majani mawili na chipukizi lake, jicho linatangulia mkono, na kikapu kinavyojaa anaona matunda ya ustadi wake. Hiyo ni kazi ambayo mtu anaweza kuzama ndani yake. Lakini kilo zikiongezwa kila anapojitahidi, au asipoamini mizani, furaha ile inageuka kuwa hasira, naye hujifunza kufanya kazi polepole ili ajilinde. Huo si uvivu. Ni ulinzi wa mtu aliyenyimwa makubaliano.

Kwa hiyo, ndugu, ukisikia meneja anawahubiria watu waipende kazi yao, usimpinge. Mwulize tu: tukiipenda na kuifanya vizuri zaidi, sehemu yetu ni ipi?

HESABU YA SAA ZETU

Turudi Chicago mara moja zaidi. Katika mji huo huo, tarehe 1 Mei 1886, wafanyakazi kwa maelfu waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Siku tatu baadaye bomu lililipuka katika uwanja wa Haymarket, na mwaka 1887 viongozi wanne wa wafanyakazi wakanyongwa. Hiyo ndiyo asili ya sikukuu yetu ya Mei Mosi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa kwanza kabisa, liliweka saa nane kwa siku na 48 kwa juma katika viwanda. Yule fundi wa mabehewa hakupata jioni ya kutengeneza bustani yake kwa bahati tu. Wako waliokufa kwa ajili ya jioni zile.

Hapa Uganda, Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 40, inataka kila mfanyakazi apate mapumziko, saa za kazi zisizopita kiasi, na likizo yenye malipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka kazi ya saa 48 kwa juma, siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada. Ilisema pia kwamba kazi isizidi saa 10 kwa siku au 56 kwa juma, na kwa wanaofanya kazi kwa zamu hesabu hiyo ichukuliwe kwa wastani wa majuma matatu.

Sasa tupige hesabu. Juma lina saa 168. Toa 48 za kazi, zinabaki 120. Toa saa 56 za kulala, nane kila usiku, zinabaki 64. Toa saa 18 za njiani, kwa mguu na kwa teksi, tatu kila siku kwa siku sita. Zinabaki 46. Hizo ndizo saa za kula, kulea, kusali, kucheza mweso na kukaa na watu.

Lakini askari wa lango anayefanya saa 12 kwa siku sita amekwisha kutoa saa 72. Fanya hesabu ile ile, naye anabaki na saa 22 tu. Umwambie huyo ajifunze kutuliza akili? Kabla ya mafundisho, mpe saa zake.

Na zile saa 46 ni za nani nyumbani? Baba akirudi anakaa kwenye mweso, naye ana haki. Lakini mama aliyetoka zamu kama yeye anakwenda kuchota maji, kupika posho, kufua na kukagua madaftari ya watoto. Saa zake hazikuchukuliwa na mwajiri peke yake. Chama hakiwezi kudai haki kiwandani na kufumba macho jikoni. Anayetaka jioni ya raha ashike ndoo kwanza, ili raha iwe ya wawili.

LILILO MIKONONI MWETU

Yako mambo ambayo hayangoji sheria wala mkataba. Wahenga walisema: mshika mbili moja humponyoka. Simu ni chombo kizuri, tunaitumia kutuma pesa kijijini na kupata habari za wagonjwa. Lakini simu inayolia kila dakika inafanya akili iwe kama mtu anayeitwa na majirani kumi kwa wakati mmoja. Iweke mbali saa moja kila jioni. Ifunge kabisa unaposhika mashine, kwa maana akili iliyo mahali pengine huacha kidole mahali pake. (Tukisema hivyo hatumwondolei mwajiri wajibu wake: mashine isiyo na kinga ni hatari hata kwa mtu makini.)

Kamari ya mpira nayo inajifanya burudani, lakini haina yale mambo matatu. Ujuzi wako hauongezeki, na matokeo hayako mikononi mwako. Inachukua pesa kwanza, kisha inachukua usingizi. Badala yake chagua jambo moja ambalo unaweza kulifanya vizuri zaidi mwezi ujao kuliko mwezi huu: kwaya, bustani ya mboga katika magunia, kufuma, kusoma, mpira wa kucheza mwenyewe. Lisiwe kubwa. Liwe lako.

Kiwandani, jifunze kazi nzima kadiri uwezavyo, si kipande chako tu. Uliza mashine inatoka wapi na bidhaa inakwenda wapi. Mfundishe kijana aliye karibu nawe, kwa sababu anayefundisha huiona upya kazi aliyoizoea. Na kama usingizi umekukimbia kwa majuma mengi, au huzuni haiondoki, nenda ukaonwe. Watu wa Kampala hulitaja jina la Butabika kwa kicheko, lakini hospitali ile, iliyoanzishwa mwaka 1955, ni jirani yetu na ni ya kutibu watu. Hakuna aibu ya kutibiwa akili, kama hakuna aibu ya kutibiwa mgongo.

LILILO MEZANI

Mengine hayawezekani kwa mtu mmoja. Napendekeza kila tawi liyaweke mambo haya katika madai yake ya mkataba ujao. Ratiba ya zamu itolewe mapema, mtu ajue usiku wake na mchana wake. Kipimo cha kazi kisipandishwe bila makubaliano na chama, na panapopatikana ufanisi, faida igawanywe kwa pesa au kwa saa. Wafanyakazi wa kazi za kurudiarudia wapewe nafasi ya kubadilishana na kufundishwa kazi nyingine. Mapumziko ya mchana yawe mapumziko kweli, mahali penye kivuli na pa kukaa. Penye kelele za mashine, vizibo vya masikio vitolewe bila kukatwa mshahara. Na zamu ikiisha, msimamizi asiendelee kutoa amri kwa simu na kwa vikundi vya WhatsApp mpaka saa nne za usiku. Kama anataka kazi, ailipe kama kazi.

Madai haya hayamwangushi mwajiri yeyote mwenye akili. Mfanyakazi aliyelala vizuri, anayejua kesho yake, na anayeona fahari katika kazi yake, huharibu vitu vichache na huumia mara chache. Lakini hatuyadai kwa sababu hiyo. Tunayadai kwa sababu maisha tuliyo nayo ni hayo hayo yanayopita saa kwa saa, na mtu ana haki ya kuwapo ndani ya maisha yake mwenyewe.

Basi katika mkutano ujao wa tawi lako, yakimalizika mambo ya mshahara, simama uulize hadharani: zile saa mbili na nusu ni za nani? Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kisha lipelekwe mezani.